Kubadili valvu za amplifaya na kuzizoesha: mwongozo kwa tunaokaa karibu na bahari

Mwaka juzi, mwezi wa sita, kusi inavuma na madirisha ya sebuleni yako wazi, niliona bamba la ndani la valvu moja (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya amplifaya yangu likianza kuiva. Kwanza doa dogo jekundu ubavuni, kisha likatanda kama kaa linalopulizwa. Nikazima. Nikasema valvu imekufa, nikachomeka nyingine, mpya kabisa, niliyoiagiza kwa pesa ya maana. Dakika nne, nayo ikaiva vilevile. Ya tatu sikuthubutu. Niliipakia amplifaya kwenye bajaji, nimeifunga kanga kama mtoto mchanga, hadi kwa babu mmoja fundi redio pale Ngamiani, hapa Tanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu lete hapa."

Hakuuliza habari za valvu. Aliichomoa ile iliyoiva, akamulika tochi kwenye soketi, akachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaipenyeza kwenye tundu la tano. Ilitoka na unga wa kijani. Akaupangusa kwenye kitambaa, akanionyesha.

"Mwanangu, umeunguza taa mbili kwa ajili ya tundu moja."

Tundu la tano la soketi ya EL34 ndilo linalopeleka volteji hasi kwenye gridi. Ndani ya valvu, kathodi ikipata moto inatoa elektroni, anodi, ndiyo lile bamba, yenye volti mia nne na kitu inazivuta, na gridi iliyo katikati, kwa zile volti hasi thelathini au arobaini, inazishikilia zisipite zote kwa mkupuo. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula mguso wa pini ya tano. Gridi ikabaki mikono mitupu, breki ikakatika, mkondo ukamiminika hadi bamba likawa jekundu. Valvu zilikuwa nzima, au tuseme zilikuwa nzima kabla sijazichemsha.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini: soketi, kisha umeme wa nyumba, halafu ndipo valvu zenyewe na kuzizoesha, yaani kuzichezesha saa za mwanzo hadi mkondo wake utulie. Mtu wa Dodoma au Arusha anaweza kuyapita haraka ya mwanzo. Sisi wa Tanga tukae nayo.

1. Jua ulichonacho

Mafundi wa zamani wanaziita taa, vijana wanasema tyubu, nitasema valvu. Soma jina lililoandikwa kwenye kioo, kisha ulilinganishe na kibandiko cha amplifaya, kwa sababu mwenye nayo wa kwanza huenda alishachomeka isiyo yake.

Majina ya Ulaya yana maana. Herufi E ya mwanzo ni hita, ule waya wa ndani unaoipa kathodi moto, ya volti 6.3. C ni triodi (yenye kathodi, gridi moja na anodi), CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, L ni pentodi ya nguvu (yenye gridi tatu). Tarakimu 8 ikitangulia, ni valvu ndogo ya pini tisa. 3 ikitangulia, ni ya kitako kikubwa cha pini nane. Basi ECC83 ni triodi mbili za pini tisa, na EL34 ni pentodi ya nguvu ya pini nane. GZ34 ni ya kugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu, na G yake inamaanisha hita ya volti 5. Wamarekani wana majina yao: ECC83 kwao ni 12AX7, ECC82 ni 12AU7, EL84 ni 6BQ5, EL34 ni 6CA7.

Mfano wangu wote hapa ni amplifaya ya EL34 nne, mbili kila upande, na ndogo tatu mbele. Yako ikiwa ya EL84, kanuni ni zilezile, tarakimu ndizo zitakazobadilika.

Angalia pia volteji iliyoandikwa nyuma. Amplifaya nyingi za mitumba kutoka Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 hutahitaji kuendelea kusoma. Inataka transfoma ya kushushia.

2. Kabla ya kufungua

Hapa sitanii. Kapasita za ndani, zile zinazohifadhi umeme, zinabaki na volti mia nne hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na volti hizo zinaua. Zima, chomoa, subiri dakika kumi. Kisha tumia rezista ya kiloomu 10, wati 10, iliyofungwa vizuri kwenye waya wenye ngozi nene na kibanio: upande mmoja kwenye chasisi, yaani kiunzi cha chuma cha amplifaya, upande wa pili kwenye chanya ya kila kapasita kubwa, hesabu hadi ishirini. Pima kwa mita. Usiguse kitu mpaka usome chini ya volti 10. Kila unapopima amplifaya ikiwa hai, mkono wa kushoto uwe mfukoni au nyuma ya kiuno, na miguuni uwe na kandambili kavu, si sakafu ya saruji peku.

Jambo la pili ni spika. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika kufungwa. Ya transista inavumilia. Hii transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ni ghali kuliko valvu zote kwa pamoja.

Kama hujawahi kupima volteji kubwa, fanya usafi wa soketi peke yako na kupima bayasi, yaani ile volteji hasi ya gridi na mkondo unaotokana nayo, umwachie fundi. Mkae wote, yeye apime, wewe uandike.

3. Soketi

Ng'oa valvu zote zikiwa zimepoa. Ya pini nane ishike kwenye kitako cheusi, si kwenye kioo, uitikise kidogo kidogo huku unavuta. Kioo kimegundishwa tu kwenye kitako kwa gundi, na gundi ya miaka hamsini haina udugu. Ziandike kwa penseli kwenye karatasi: hii ilitoka soketi ya kwanza kushoto, hii ya pili.

Mulika kila tundu. Mguso mzima unang'aa kidogo, kama bati au fedha. Mbovu una weusi, au ule ukijani. Chukua spiriti isiyo na maji au dawa ya kunyunyizia ya kusafishia miguso ya umeme, na brashi nyembamba ya kusafishia katikati ya meno inayouzwa famasi. Lowesha, ingiza, zungusha, toa, pangusa. Rudia hadi brashi itoke safi. Kwa mashimo ya pini tisa, ambayo ni membamba, kijiti cha meno kilichozungushiwa uzi wa pamba kinafaa. Usitumie msasa, utaondoa ile ngozi ya juu ya chuma na mwaka ujao kutu itarudi kwa kasi. Grisi na mafuta ya kulainishia bawaba vikae mbali, vinanasa vumbi.

Usafi peke yake hautoshi. Mguso wa soketi ni vibamba viwili vinavyoibana pini, na baada ya miaka vinalegea. Hapa ndipo shazia inapofanya kazi yake: iingize pembeni mwa kibamba, isukume kuelekea katikati, taratibu, nusu milimita inatosha. Ukichomeka valvu usikie ugumu kidogo. Ikiingia kama mguu kwenye kiatu cha kaka yako, bado.

Pini za valvu nazo zisugue kwa kifutio cha penseli. Za valvu ndogo zikiwa zimepinda, zinyooshe kwa vidole kabla ya kuchomeka, kwa kuwa pini hizo zinapita moja kwa moja kwenye kioo, na ukizilazimisha ndani ya soketi kioo kinapata ufa, hewa inaingia, na imekwisha.

Ukiwa hapo chini, tazama kama kuna mjusi. Usicheke. Chasisi ina joto na mjusi anapenda joto. Nimemkuta mmoja mkavu amejilaza juu ya miguu ya kapasita ya volti 450.

4. Umeme wa nyumba

Umeme wetu unahesabiwa volti 230, lakini hesabu ni hesabu na soketi ya ukutani ni kitu kingine. Nilipima kwangu Makorora wiki nzima na kuandika kwenye daftari. Saa moja jioni, watu wanapika na kuangalia taarifa ya habari, nilisoma 212. Saa saba usiku mtaa umelala, 243.

Transfoma ya amplifaya haijui usiku wala mchana, inagawa tu kwa uwiano. Hita ya volti 6.3 ikipewa 212 ukutani inapata 5.8; ikipewa 243 inapata 6.65. Waundaji wa valvu waliruhusu hita ipungue au izidi kwa karibu asilimia 10, yaani kati ya 5.7 na 6.9, kwa hiyo mimi niko ndani ya mpaka lakini pembeni. Kwako pima wewe. Ikipita 250 mara kwa mara, pesa uliyotenga kwa valvu inunulie stabilaiza kwanza, maana hita inayochomwa kupita kiasi inamaliza kathodi mapema, iwe imeandikwa jina la kifahari au la.

Stabilaiza za friji zinaruka kwa ngazi, na kila zikiruka utasikia "tak" na muziki utayumba. Zinakera, ila zinalinda. Zile zinazozungusha mota ndani zinapanda na kushuka polepole, ni bora zaidi kwa kazi hii.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, inuka uzime amplifaya kwa swichi yake na uchomoe. Usiiache iusubiri. Unaporudi mara nyingi unarudi kwa kishindo, tena unapotea, tena unarudi, na valvu zilizo nusu moto hazipendi mchezo huo. Ukitulia, ngoja dakika tano, ndipo uwashe.

5. Kuchagua

Anza na ndogo. ECC83 moja ya mbele ndiyo inayopokea mlio ukiwa bado mchanga kabisa, kwa hiyo tofauti yake inasikika zaidi kwa bei ndogo zaidi, na haihitaji kupangwa bayasi. Ichomoe, ichomeke nyingine, umemaliza. EL34 nne ni gharama, tena zina kazi ya kupimwa.

Viwanda vinavyounda valvu leo ni vichache. JJ wako Čadca, Slovakia. Electro-Harmonix, Sovtek na Tung-Sol ni majina matatu, lakini valvu zinatoka kiwanda kimoja mjini Saratov, Urusi. Uchina kuna Psvane. Jina la Mullard unaloliona kwenye boksi jipya nalo ni la Saratov. Mullard wa wazee wetu waliziunda Blackburn, Uingereza, na hizo hazijatengenezwa kwa miongo mingi. Sisemi mpya ni mbaya. Ninazo JJ zina miaka yake na sina neno nazo. Ninachosema ni kwamba ukilipia jina, ujue unalipia nini.

Kwa za zamani ambazo hazijatumika, tazama kioo kuliko chapa. Chapa ya rangi ni rahisi kupiga upya, na halisi nayo hufutika kwa kidole, hivyo kufutika si ushahidi wa upande wowote. Zilizotoka Blackburn zina maandishi hafifu yaliyochorwa kwenye kioo karibu na chini, yenye herufi B ya kiwanda. Yainamishe kwenye mwanga wa dirisha utayaona. Faida yake ni kwamba kiwanda kile kiliuzia makampuni mengine pia, kwa hiyo unaweza kukuta valvu yenye chapa isiyojulikana, bei ya kawaida, na ile B iko palepale. Telefunken nyingi zina alama ya almasi kwenye kioo, katikati ya pini. Mimi niliwahi kuuziwa jozi "ya Kiingereza" yenye boksi zuri kuliko valvu. Chini ya kioo hapakuwa na chochote. Niliyenunua kwake hapokei simu hadi leo.

Tazama na ile rangi ya fedha juu ya kioo kwa ndani. Ni bariamu iliyowekwa kunasa hewa iliyosalia. Ikiwa ya fedha inayong'aa au yenye ukahawia pembeni, sawa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, usiichomeke kabisa.

Mitego mitatu ya kubadilisha aina:

6N2P ya Kirusi wauzaji huiita ndugu ya ECC83. Ukuzaji wake ni karibu sawa, 100 kwa 100, lakini hita yake imefungwa kwenye pini kwa namna nyingine. Ukiichomeka kwenye soketi ya ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3 haitawaka.

KT88 inaingia kwenye tundu la EL34, na watu wanaitamani kwa sababu ya ukubwa. Hita yake inavuta ampea 1.6 dhidi ya 1.5, ambayo transfoma nyingi zinastahimili, lakini inataka bayasi yake, na bila transfoma ya kutolea inayoifaa hutapata zile wati unazoota.

Amplifaya ya 6L6 ukiipa EL34, hita inapanda kutoka ampea 0.9 hadi 1.5 kwa kila moja. Nne ni nyongeza ya ampea 2.4. Tena pini ya 1 ya EL34 ni gridi ya tatu, inayotakiwa kuunganishwa na kathodi, na kwenye soketi ya 6L6 pini hiyo mara nyingi imeachwa tupu. Muulize fundi kabla.

Na za nguvu zinunue zilizopimwa na kuoanishwa. Valvu mbili za upande mmoja zinafanya kazi kwa kupokezana, moja inasukuma nyingine inavuta. Zikipishana sana, transfoma inashiba upande mmoja, besi inakonda na mngurumo unaongezeka.

6. Kufunga na kupanga bayasi

Kwanza pima soketi zikiwa tupu. Spika zimefungwa, washa, na kwa mita soma pini ya 5 ya kila soketi ya EL34 dhidi ya chasisi. Unatafuta volti hasi, mahali fulani kati ya 35 na 45, zinazokaribiana kwenye soketi zote nne. Ukikosa kwenye moja, simama hapo. Fanya haraka kisha uzime, maana bila valvu volteji kubwa inapanda kuliko kawaida yake.

Sasa geuza vidude vya bayasi, vile vya kuzungushwa kwa bisibisi ndogo, hadi volteji iwe hasi zaidi kuliko ulivyoikuta. Hasi zaidi ni mkondo mdogo zaidi. Huko ndiko kuanza kwa usalama. Zima, toa umeme wa kapasita, chomeka valvu. Kitako cha EL34 kina jino kwenye ule mhimili wa katikati, lifuate. Mhimili ukiwa umevunjika valvu inaweza kuingia upande wowote, hiyo weka pembeni. Za pini tisa zifuate ule mwanya mpana. Kushika kioo kwa vidole hakuna neno, hizi si balbu za taa za gari.

Hesabu ni hii. EL34 inaruhusiwa kutoa joto la wati 25 kwenye anodi. Hatuipeleki huko, tunaishia asilimia 70, yaani wati 17.5. Pima volteji kati ya pini ya 3 na ya 8. Kwangu ni 430. Gawa 17.5 kwa 430 unapata ampea 0.041, yaani miliampea 41 kwa kila valvu. Amplifaya nyingi zina rezista ya omu 1 kutoka pini ya 8 kwenda chasisi, na hapo maisha ni rahisi: milivolti 41 ni miliampea 41. Ndani ya hizo mna chache zinazopita kwenye gridi ya pili, basi anodi yenyewe iko chini kidogo ya hesabu, na hiyo ni salama.

Usipange 41 siku ya kwanza. Panga 35. Na pembeni ya kila namba andika volti za ukutani saa hiyo, kwani ukipanga jioni ya 212 ukalala ukijua mambo ni shwari, usiku wa 243 zile 430 zinakuwa karibu 490. Mimi napanga ukuta ukiwa karibu na 230, halafu naangalia tena usiku wa manane.

Kama amplifaya yako ni ya EL84 yenye rezista kubwa kwenye kathodi, haina cha kugeuza, inajipanga yenyewe. Bado pima. Volti za pini ya 3 gawa kwa omu za rezista yake: volti 10.8 kwa omu 270 ni miliampea 40. Zidisha na volteji ya kutoka kathodi hadi anodi, uone kama hujapita wati 12.

7. Kuzizoesha

Hapa maneno ni mengi kuliko vipimo. Wapo wanaosema valvu haisemi kweli hadi saa 200, wengine wanaziacha zikicheza juma zima mchana na usiku. Nilichokiona kwa mita ni kwamba mkondo wa valvu mpya ya nguvu hauji kutulia siku ya kwanza. Kathodi inajipanga, hewa iliyosalia inanaswa, na namba inatembea. Baada ya saa 20 hadi 50 za muziki wa kawaida inatulia. Linalobaki baada ya hapo, kwa maoni yangu, ni sikio la mwenye nyumba linalozoea. Nalo lina haki yake.

Saa ya kwanza ukae mbele yake. Zima taa ya sebule. Kila valvu ionyeshe mwanga wa chungwa katikati tu, kwenye hita. Mwanga wa buluu unaoganda kwenye uso wa ndani wa kioo cha EL34 ni wa kawaida. Ukiwa wa zambarau umejaa kati ya mabamba, ndani mna gesi, zima. Bamba likionyesha wekundu popote, zima bila kungoja kuhakikisha. Unasikia milio midogo ya "tik, tik" ya chuma kikipanuka, hiyo iache.

Dakika ya 30, pima. Zote nne ziwe zimekaribiana, tofauti ya miliampea 4 au 5 kati ya wenza isizidi. Saa ikitimia bila visa, panda hadi 41. Kisha pima tena saa ya 5, ya 20 na ya 50, kila mara zikiwa zimepata moto nusu saa nzima. Kwangu saa ya 5 moja ilikuwa imepanda hadi 46, nikairudisha. Saa ya 20 ilitembea miliampea 1 tu.

Valvu iliyolala miaka arobaini kwenye boksi naianza kwa upole zaidi. Amplifaya yangu ina GZ34, kwa hiyo naichomoa hiyo na kuwasha: hita zote zinapata moto bila volteji kubwa. Nusu saa hivyo, nazima, narudisha GZ34, naendelea kama kawaida.

Usiiache usiku kucha peke yake eti izoee. Kwanza ni moto ndani ya nyumba ya watu waliolala. Pili, EL34 huhesabiwa saa 2,000 hadi 5,000 za kazi, na saa unazochoma umelala hazirudi. Na kile kitambaa cha kufuma ambacho mama watoto anakitandika juu ya redio na televisheni, hapa mwombe radhi. Amplifaya hii inavaa hewa tu, sentimita 20 juu na pembeni.

Kusikiliza nako kuna utaratibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, sauti iwe palepale, santuri iwe ileile unayoijua kama njia ya kwenda sokoni. Mimi natumia taarabu ya hapahapa Tanga ya enzi za Black Star na Lucky Star. Nasikiliza mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya ubeti, kisha besi, kama inatembea kwa hatua au inaburuta miguu. ECC83 niliyoiacha ndani sikuichagua kwa sababu ya uzuri wa juu. Niliichagua kwa kuwa waitikiaji walitengana, nikaweza kuwahesabu.

8. Ikileta visa

Ukigonga kioo cha valvu ndogo kwa penseli, taratibu, na spika ikalia "ting" ndefu kama kengele ya baiskeli, valvu ina mtetemo. Ihamishie hatua ya nyuma ambako mlio umeshakua, au ibadili. "Tu" fupi isiyo na mwangwi isikusumbue.

Mikwaruzo inayokuja na kuondoka, hasa siku za masika, ni soketi. Rudi namba 3. Mngurumo ulioanza baada ya kubadili za nguvu, pima kama zinalingana. Valvu moja ikiiva, zima, ikipoa hamishia valvu hiyo kwenye soketi ya jirani: wekundu ukihama nayo, kosa ni la valvu, ukibaki kwenye soketi, kosa liko chini, ama mguso, ama kapasita ya kuunganishia inayovujisha volti chanya kwenye gridi. Jaribio hili dogo ndilo ambalo sikulifanya usiku ule wa kusi.

Daftari langu linakaa chini ya amplifaya: tarehe, volti za ukuta, miliampea nne, saa zilizotumika. Za zamani sikuzitupa. Kila moja nimeiviringishia gazeti na kuandika kwa kalamu ya wino mzito ilitoka soketi gani, nikazipanga kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, na ndani ya kopo nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Zile mbili zilizoiva babu alizipima wiki iliyofuata. Moja amesema bado ina uhai wa kutosha kwa dharura. Ya pili ameiweka dirishani kwake, anasema inamfaa kwa kuwafundishia vijana.